Bagika na Bagalu: Shindano la Ngoma Ambalo Jaji Wake ni Miguu Yako

Kama umezoea mashindano ya kuimba ya kwenye TV, yale ya majaji watatu mezani, kadi za alama na meseji za kupiga kura, basi Usukumani kuna kitu kitakachokuvuruga kidogo. Vikundi viwili vya ngoma vinaingia uwanja mmoja na kuanza kucheza kwa wakati mmoja. Zamu hakuna. Ngoma hizi zinalia huku, zile zinalia kule, na katikati kuna nafasi ya kupita watu tu. Jaji hakuna. Wewe mtazamaji unasimama pale unapoona pananoga, na ukichoka unahama. Mwisho wa siku, kikundi chenye umati mkubwa zaidi ndicho mshindi. Basi, imeisha hiyo.

Mchezo huu una zaidi ya miaka 100 kwenye nchi ambayo ramani ya leo inaiita Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita. Wasukuma wanauita mbina. Na ndani yake kuna swali linalogombaniwa kila mahali ambapo watu wanacheza kitu pamoja: mchezo ni wa nani? Ni wa yule anayeuongoza, au wa wale wanaoucheza? Twende taratibu.

Waganga wawili, ubishi mmoja

Simulizi ya wazee inaanza na watu wawili, Ngika na Gumha. Inaelezwa kwamba waliishi katikati ya karne ya 19, wote wawili wajuzi wa dawa, wote wawili watu wa ngoma. Ubishi wao ulikuwa rahisi kuusema na mgumu kuumaliza: dawa ya nani ina nguvu zaidi?

Dawa yenyewe ilikuwa ile ya kuvuta watu, inayoitwa samba. Sasa hapo unapima vipi? Mzani hausaidii. Ukimwita mganga wa tatu aamue, naye atakwambia yake ndiyo kali kuliko zote. Ikapatikana njia moja tu: kila mmoja apige ngoma yake, watu waje, waone wenyewe pa kusimama.

Ubishi haukuisha siku hiyo, ndiyo maana unazungumzwa mpaka leo. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu, na tangu hapo Usukuma mzima ukawa na pande mbili za ngoma. Hizi si koo wala vijiji. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na Bagika na Bagalu wanaochota maji kisima kimoja, wanaokopeshana majembe, halafu mavuno yakiisha wanageukana uwanjani kama hawajawahi kuonana.

Ukitaka kuelewa haraka, fikiria Simba na Yanga. Ila Yanga ilianza 1935 na Simba 1936. Bagika na Bagalu walikuwa wameshatambiana miaka mingi kabla mtu yeyote Dar hajashona jezi.

Sheria ni chache, lakini zinauma

Msimu wa mbina ni baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti hivi. Ghala lina chakula, jua halina masihara, na vijana wana muda. Vikundi viwili vinapatana siku na mahali, na shindano linaweza kwenda siku kadhaa mfululizo.

Sheria ya msingi ni ile moja: mtazamaji yuko huru. Hakuna kamba, hakuna kiingilio kinachokufunga upande mmoja, hakuna anayekuuliza ulikotoka. Mtu mmoja kukaa sehemu moja toka asubuhi mpaka jioni ni nadra. Kelele ikipanda kule, watu wanatimka mbio kwenda kuona kuna nini. Dakika kumi baadaye wanarudi huku. Ukiangalia kutoka kilimani ungeona watu wanahama kama maji kwenye sinia linaloinamishwa huku na huku.

Na hapa ndipo sheria inapouma. Mtu hawezi kuwa sehemu mbili. Kila jozi ya miguu iliyofika kwako imetoka kwa mwenzako, na ikitoka kwako inakwenda kwake. Hakuna cha kusema wote mmefanya vizuri, hakuna zawadi ya ushiriki. Uwanja unakwambia ukweli wako saa hiyo hiyo, mbele ya mama mkwe wako.

Manju: bosi mwenye mipaka

Kila kikundi kina kiongozi wake. Kisukuma wanamwita ningi, Kiswahili ni manju. Wengi wao majina yao hayapo kwenye kitabu chochote, lakini kazi yao inajulikana vizuri.

Manju ndiye anayetunga nyimbo. Ndiye anayefundisha hatua, anayepatana na wapinzani, anayetafuta dawa, na anayeamua nani akae mstari wa mbele. Uwanjani yeye ndiye anayeanzisha, wengine wanaitikia. Akibadilisha ishara, mstari mzima unabadilika. Kwa anayetazama mara ya kwanza, anaweza kudhani hawa watu wote wana mwili mmoja wenye kichwa kimoja, na kichwa ni manju.

Kuna na upande wa imani. Iliaminika kwamba samba ya manju ndiyo inayowalinda wachezaji wasirogwe na wapinzani, na ndiyo inayowavuta watu. Maana yake mchezaji akimkosea manju hakosi tu nafasi ya kucheza, anakosa na kinga. Hebu fikiria kiongozi wa timu ambaye ni kocha, ni mtunzi, ni meneja, na pia ndiye mwenye dawa. Udhibiti gani unazidi huo?

Lakini sasa rudi kwenye miguu ya watu. Manju anaweza kuwa na mstari ulionyooka kama ukuta, wachezaji wanaogeuka kwa pamoja bila kosa hata moja, na bado akapoteza. Kwa nini? Kwa sababu mstari ulionyooka ukiutazama nusu saa unakuwa umeumaliza. Kule upande wa pili mtu mmoja amejiangusha chini, amelala kama maiti, hakuna anayejua kama ni mchezo au ni kweli. Watu wote wameondoka kwenda kumwangalia.

Ndiyo maana mbina ikawa uwanja wa ubunifu wa hatari. Bayeye, watu wa nyoka, walicheza na chatu hai shingoni. Wawindaji wa nungunungu nao walikuwa na ngoma yao, bununguli. Vikundi vikaleta sanamu za mbao zenye mikono na miguu inayochezeshwa, mavazi ya kutisha, vichekesho, na maigizo ya kumbeza mpinzani. Fisi hai naye amewahi kuingizwa uwanjani. Kila kitu kipya kiliishi msimu mmoja au miwili, kisha upande wa pili ukakijibu kwa kikubwa zaidi.

Vitu hivi vingi havikutoka kichwani mwa manju peke yake. Vilitoka kwa mchezaji fulani wa mstari wa nyuma, aliyekuwa na wazo na akapewa nafasi ya kulijaribu. Na hapo ndipo ujuzi wa manju ulipopimwa kweli. Akikaza sana, kikundi kinakuwa sahihi na kinachosha. Akilegeza sana, kila mtu anafanya lake, ngoma inapoteza umbo, na umati unaondoka vilevile. Manju mzuri alijua lini amwachie kijana atoke mstarini akafanye balaa lake, na lini amrudishe kabla hajaharibu.

Na kama manju ni mgumu, hamwachii mtu nafasi, anakula hela za kutuzwa peke yake? Mchezaji anaondoka. Msimu ujao utamkuta kwenye kikundi kingine, au yeye mwenyewe ameshakuwa manju. Kwa hiyo kichwa kile kilichoonekana kinatawala kila kitu kilikuwa kimeshikwa pande mbili: mbele yake umati unaoweza kuhama, nyuma yake wachezaji wanaoweza kuhama.

Wazungu nao waligombana hivyo hivyo, ila mezani

Swali hili halikuwa la Usukumani peke yake. Mwaka 1824 jeshi la Prussia, Ujerumani ya zamani, lilianza kutumia mchezo wa vita wa mezani kuwafundisha maofisa. Kulikuwa na ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu, na mwamuzi aliyesimamia sheria. Tatizo ni kwamba sheria zilikuwa nyingi mno. Kila risasi ina hesabu yake, kila hatua ina jedwali lake. Mpaka mpige hesabu zote, vita imeshapoa.

Mwaka 1876 afisa mwingine akaja na mawazo tofauti: majedwali yawekwe pembeni, mwamuzi mwenye uzoefu wa vita aamue kwa akili yake. Mchezo ukawa na kasi. Lakini sasa kila kitu kikategemea mtu mmoja. Mwamuzi akiwa na busara, raha. Akiwa na upendeleo, mmekwisha, na hamna pa kukata rufaa.

Karibu miaka 100 baadaye, 1974, ikatoka Marekani Dungeons & Dragons, mchezo ambao mtu mmoja anasimulia dunia nzima na wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini humo ndani. Msimulizi anasema mmefika kwenye mlango wa pango, mchezaji anajibu kwamba hataki pango, anataka kurudi sokoni kufungua biashara. Sasa nani ana haki? Msimulizi aliyekesha akitengeneza pango, au mchezaji aliyeambiwa yuko huru? Ugomvi huo una miaka 50 na haujaisha. Wachezaji wenyewe wana msemo wao kwa msimulizi anayelazimisha hadithi yake: wanasema amewaweka kwenye reli, kama treni.

Angalia tofauti. Mezani mna watu watano, na mkichoshwa, dawa ni kutokuja wiki ijayo. Hakuna mtu wa nje anayeona. Mbina iliweka mtu wa tatu: mtazamaji asiye na deni na yeyote, anayeweza kumwadhibu msimulizi papo hapo kwa kugeuza kisigino tu. Hata manju aliyejaa maringo alikuwa na mtu wa kumtuliza.

Jembe nalo lilicheza

Udhibiti mkali zaidi haukuwa uwanjani, ulikuwa shambani. Usukumani vijana wa kijiji walilima kwa makundi, wakiwa na kiongozi wao aliyeitwa nsumba ntale, mkubwa wa vijana. Walilima shamba la huyu leo, la yule kesho, na mwenye shamba akawalipa chakula au mnyama wa kuchinja.

Hapo ndipo ilipotoka bugobogobo, ngoma ya majembe ambayo leo kila Mtanzania ameiona hata kama hajui jina lake. Ngoma kubwa zinapigwa, mstari wa wakulima unainama pamoja, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Anayepiga ngoma ndiye mwenye mwendo. Akiongeza kasi, mgongo wako unaongeza kasi, upende usipende.

Pamba ilipopanda sana, hasa miaka ya 1950, kazi ya namna hii ikawa na thamani. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa na nguvu kiasi kwamba vyama vyao viliungana 1955 na kuunda Victoria Federation of Co-operative Unions, moja ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Mwenye shamba kubwa alitaka mikono mingi kwa siku chache, na kikundi chenye manju mzuri kililima eneo kubwa bila watu kuhisi jua.

Sasa jiulize: je, hiyo ni raha au ni unyonyaji wenye ngoma? Jibu la haki ni kwamba ilikuwa vyote viwili. Ngoma ilimfanya mtu alime zaidi ya alivyokusudia. Lakini vijana hao hao walianza kurusha jembe hewani, kulizungusha, kulidaka na kulishusha kwa wakati wake bila kukosa mdundo. Hakuna mwenye shamba aliyeagiza hilo. Jembe halilimi zaidi likirushwa. Hapo mlimaji alikuwa ameiba sekunde mbili za muda wa bosi na kuzifanya zake, na urembo huo ndio uliovuka kutoka shambani ukaja kuvuta umati uwanjani.

Kila mtawala alitaka kuwa manju

Mtu anayeweza kukusanya mamia ya watu bila polisi na bila posho, lazima serikali imwangalie. Watemi walimhitaji manju, maana wimbo wa sifa unatembea haraka kuliko tarishi. Walimwogopa pia, kwa sababu wimbo wa mafumbo nao unatembea kwa kasi hiyo hiyo.

Kisha ikaja siasa. Mwaka 1954, TANU ilipozaliwa, serikali ya kikoloni ilikataa kusajili matawi yake katika Jimbo la Ziwa, na katazo hilo likadumu mpaka 1958. Miaka minne chama hakiruhusiwi kwenye eneo lenye watu wengi kuliko mengi nchini. Mkutano wa hadhara unaomba kibali. Lakini kulima pamba hakuombi kibali, na kuimba ukilima hakuombi kibali. Habari za siasa zikasafiri na watu wa nyimbo.

Mwaka huo huo wa 1958 Geita ikawaka. Serikali ilitaka kuwaletea baraza la wilaya la rangi mchanganyiko, Waafrika, Wahindi na Wazungu, bila wenyeji kuafiki. Watu wakaandamana mpaka bomani, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Mkoloni alikuwa amesoma sheria zake zote, ila hakuwa amesoma kanuni ya mbina: umati usipokubali mchezo, huna mchezo.

Kiti ndicho kilichobadilisha kila kitu

Uhuru ukaja. Utemi ukaondolewa kisheria mwanzoni mwa miaka ya 1960. Taifa jipya likaunda kikundi chake cha ngoma, na bugobogobo ikapanda jukwaani na kusafiri hadi nje ya nchi. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikaanza Bagamoyo, na vijana wasiojua hata salamu ya Kisukuma wakajifunza kurusha jembe. Hiyo ni heshima kubwa, hakuna wa kubisha.

Lakini kuna kitu kilipotea kimyakimya. Kwenye jukwaa, kikundi kinaitwa kwa jina, kinapewa dakika zake, kinacheza kikimtazama mgeni rasmi, kinapigiwa makofi, kinatoka, kinaingia kingine. Watazamaji wamekaa kwenye viti. Na mtu aliyekaa kwenye kiti hawezi kupiga kura kwa miguu.

Ona jinsi mizani ilivyogeuka. Manju sasa hamwogopi mtazamaji, maana haendi kokote. Anamwogopa mwandaaji wa ratiba. Mchezaji wa mstari wa nyuma mwenye wazo la kichaa hapewi nafasi, kwa sababu dakika saba hazina nafasi ya kujaribu kitu kinachoweza kugoma. Wimbo nao unajifunza kusifu mwenye kiti cha mbele. Kipindi cha mikutano ya chama na ziara za viongozi, vikundi vingi viliishi kwa hiyo kazi: kumpokea mgeni, kuimba jina lake, kupewa fulana. Manju akageuka mfanyakazi, na udhibiti wote ukahamia kwa mtu ambaye hachezi.

Haikutokea kila mahali. Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kwenye parokia ya Bujora ambako pia kuna makumbusho ya Wasukuma, padri mmoja kutoka Kanada aliichukua sikukuu ya Ekaristi miaka ya 1950 na kuichanganya na mashindano ya ngoma. Ndiyo hiyo inaitwa Bulabo. Unaweza kusema na huyo naye alikuwa anataka kuwa manju wa manju, na kalenda ya kanisa mkononi. Kweli. Ila aliacha kitu kimoja bila kukigusa: Bagika na Bagalu wanacheza kwa wakati mmoja, na watu wanahama. Kwa hiyo shindano likabaki shindano.

Rashi: miguu ile ile, dhahabu badala ya ngoma

Ukitaka kuona kanuni ya mbina ikiwa hai leo, nenda kwenye machimbo. Geita ilikuwa na mgodi mkubwa tangu miaka ya 1930 mpaka ulipofungwa 1966, na mwaka 2000 ukafunguliwa ule mkubwa wa sasa. Upande wa Kahama, mkoani Shinyanga, Bulyanhulu ikaanza uzalishaji 2001. Ndani ya uzio wa migodi hiyo kila kitu kina ratiba, beji na king'ora.

Nje ya uzio kuna wachimbaji wadogo, Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, na maeneo mengine mengi. Huko kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara, na kuna vijana wanaoshuka chini. Mawe yakitoka yanagawanywa kwa mifuko, kila mmoja na fungu lake. Mwenye leseni ana karatasi, mwenye duara ana pesa ya kununulia magogo na mafuta, kijana ana mgongo. Kwenye karatasi, kijana ndiye mdogo kuliko wote.

Halafu usiku mmoja inasikika kuna rashi, dhahabu imeibuka sehemu mpya. Asubuhi duara halina mtu. Mwenye duara aliyekuwa anapunja mgao anabaki na shimo lake na pampu yake. Miguu imeshapiga kura. Wale waliokuwa wanagawa vizuri, watu wao hurudi rashi ikipoa.

Tofauti ni moja, na ni kubwa. Uwanjani ukihama kutoka Bagika kwenda Bagalu unafika na miguu yako mizima. Kwenye rashi unaweza kufika ukakuta udongo haujashikiliwa na chochote. Uhuru wa kuhama bila usalama wa unakokwenda ni nusu ya uhuru. Vijana wengi wa ukanda huu wanaijua hesabu hiyo, na wanaondoka hivyo hivyo, kwa sababu kubaki kwa anayekupunja nako kuna gharama yake.

Na simu je?

Leo nyimbo za Kisukuma zimejaa mtandaoni. Manju wa sasa ana kinanda, ana studio mjini Kahama au Geita, ana video yenye wacheza wa sare moja, na wimbo wa harusi au wa mnada unatazamwa na watu ambao bibi zao walihama Usukumani zamani. Wapo wanaosema huu ndio uwanja mpya wa mbina: views ndiyo umati, na mtu akichoka anasukuma kidole anaenda kwingine.

Inafanana, lakini siyo kitu kile kile. Kwanza, kidole hakitoi jasho. Kutoka huku kwenda kule uwanjani kulionekana. Jirani yako alikuona ukimwacha, na manju alikuona mgongo wako. Pili, mtandaoni unaweza kuwatazama wote wawili, leo huyu, kesho yule, na hesabu ya mmoja isipungue kwa sababu ya mwenzake.

Tatu ndiyo yenye uzito. Uwanjani ulikuwa unaona pande zote mbili mwenyewe. Ulisikia ngoma za kule, ukaamua. Kwenye simu kuna mtu wa kati asiye na sura, anayechagua ngoma ipi ikufikie na ipi usijue hata kama ilipigwa. Hatungi, hachezi, hapigi. Ila ndiye anayeamua umati ukae wapi kabla umati haujajua. Manju wa zamani alikuwa na dawa yake iliyofichwa kwenye pembe, lakini yeye mwenyewe alikuwa pale, amevuliwa na jua, akitoka jasho mbele za watu. Ukimchoka, ulijua wa kumgeuzia mgongo ni nani.

Waswahili wanasema mcheza kwao hutunzwa. Wasukuma wakaongeza sharti kali: utatuzwa kwenu, ndiyo, lakini tu kama leo umetufanya tubaki. Ngika na Gumha hawakuhitaji jaji kwa sababu walikubali kitu ambacho viongozi wengi wa michezo, wa kazi na wa nchi hawajakikubali: kwamba anayeongoza mchezo anapewa kazi hiyo upya kila dakika, na wanaompa wanaweza kuondoka.

Basi uwanja ni wako. Kwenye timu, kazini, kwenye grupu lako, umewahi kukutana na manju anayejua kuachia kamba? Au ulishahamia upande wa pili zamani? Komenti ziko wazi hapo chini, na ukiwa Mgika au Mgalu wa kweli, jitaje bila woga.